Kuufikisha Mwanga Ndani ya Tishu: Mwongozo wa Kuboresha Umulikaji katika Hadubini ya Leza

Anayeketi mbele ya hadubini ya leza akiwa na kipande cha figo au cha ubongo chenye unene wa mikromita 100 au zaidi hukutana na hali ile ile: tabaka za juu huonekana safi, kisha kadiri anavyoshuka picha hufifia, mipaka ya seli huyeyuka, na mwishowe hubaki ukungu wa kijivu. Wakati huo mkono humwenda wenyewe kwenye kitelezi cha nguvu ya leza. Mwongozo huu unamwomba msomaji auzuie mkono huo kwa muda, kwa kuwa katika visa vingi mwanga haukupungua chanzoni, bali umepotea njiani kabla ya kufika pale ulipohitajika. Kuongeza nguvu bila kuitengeneza njia ni sawa na kuongeza maji katika bomba linalovuja.

Zipo sababu tatu kuu za upotevu huo. Ya kwanza ni ufyonzaji: himoglobini, melanini na rangi nyingine za asili humeza mwanga na kuugeuza joto. Ya pili ni mtawanyiko, yaani miale kugonga mafuta ya utando wa seli, nyuzi za kolajeni na viini, kisha kupotoka kutoka mstari wake. Ya tatu, ambayo husahaulika mara nyingi, ni kasoro ya tufe, ambapo miale inayopita pembeni mwa lenzi na ile inayopita katikati hukutana katika vina tofauti, hivyo nukta ya mwanga hurefuka na kuvimba badala ya kubana. Katika sababu zote tatu, nguvu ya ziada hulipiwa na tabaka za juu. Katika hadubini ya konfokali, ambayo huruhusu mwanga wa tabaka moja tu ufike kwenye kipokezi, leza hupita kama koni katika unene wote wa sampuli hata pale picha inapochukuliwa ya tabaka moja tu, kwa hiyo tabaka ambazo bado hazijapigwa picha huendelea kupauka, yaani rangi yake hupoteza uwezo wa kung'aa. Isitoshe, molekuli ya rangi ya floresensi, yaani rangi inayong'aa ikisisimuliwa na leza, huhitaji nanosekunde chache kabla ya kuweza kusisimuliwa tena. Nguvu ikizidi kiasi, katikati ya nukta hujaa na kutotoa mwanga zaidi, huku kingo zake zikiendelea kung'aa, na picha hupoteza ukali ambao mtumiaji alidhani anautafuta.

Pima kabla ya kugusa chochote

Asilimia inayoonyeshwa kwenye skrini si kipimo cha mwanga. Asilimia 10 ya leo na asilimia 10 ya miezi sita iliyopita zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu leza huzeeka, na faiba inayopeleka mwanga hadi kwenye hadubini husogea kidogo kila joto la chumba linapobadilika. Washa leza na uiache ipate joto kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, kisha weka kipima nguvu mahali pa sampuli, chini ya lenzi ya obijekti, na uandike miliwati zinazosomwa kwa asilimia 5, 10, 20, 50 na 100 kwa kila leza. Tumia kwa kazi hiyo lenzi kavu, yaani isiyohitaji kimiminika kati yake na sampuli, yenye ukuzaji mdogo. Lenzi ya mafuta ikipimwa kwa kipima nguvu cha kawaida kilichoachwa hewani hutoa jibu la uongo, kwa kuwa miale yake ya pembeni hurudishwa ndani kwenye mpaka wa kioo na hewa na haifiki kamwe kwenye kipima nguvu. Rudia vipimo hivyo kila mwezi kwa lenzi ile ile na uvihifadhi katika daftari la mashine. Nguvu ikishuka ghafla kwa leza zote kwa pamoja, kagua njia inayopitwa na leza zote, kama vile faiba na vioo. Ikishuka kwa leza moja tu, tatizo liko katika leza hiyo au katika njia yake pekee.

Leza nyingi za hadubini hizi ni za daraja la 3B au la 4, ambayo ni madaraja ya juu ya hatari, na madhara yake kwa jicho ni ya kudumu. Vua saa na pete kabla ya kupima, usiinamishe uso usawa wa mwale, na usifungue sehemu za ndani za mashine ikiwa hukufunzwa kufanya hivyo.

Katika maabara za pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, unyevu wa hewa huleta adui wa ziada: kuvu huota juu ya lenzi na kusambaza utando mwembamba unaotawanya mwanga kabla haujaifikia tishu. Lenzi zisizotumika zihifadhiwe katika kabati kavu lenye vidonge vya silika, na kiyoyozi cha chumba kiachwe katika joto moja badala ya kuzimwa kila jioni. Umeme unaopanda na kushuka nao huyumbisha leza, kwa hiyo kifaa cha kutuliza umeme si anasa.

Linganisha vimiminika, kwani hapa ndipo hasara kubwa hutokea

Kila kitu kinachopitisha mwanga kina kipimo chake cha upindaji. Maji yana takriban 1.33, gliseroli safi 1.47, na mafuta ya lenzi 1.52, sawa na kioo cha kufunikia. Mwanga unapovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine chenye kipimo tofauti hupinda, na kasoro ya tufe huanzia hapo. Lenzi ya mafuta yenye ukuzaji wa mara 63 na aperecha (kipimo cha upana wa koni ya mwanga inayopita katika lenzi) ya 1.4, ambayo ni fahari ya maabara nyingi, imesanifiwa kwa ajili ya sampuli iliyoshikamana na kioo, au iliyo ndani ya kimiminika chenye kipimo kinachokaribia 1.52. Ukiitumia kutazama tishu iliyo ndani ya maji ya chumvi, ubora wake huanza kuporomoka baada ya mikromita 10 au 20 tu. Miale yote inayozidi kiwango cha 1.33 haivuki kuingia katika maji, hivyo lenzi uliyoinunua kwa bei ya 1.4 haifanyi kazi ya 1.4. Hata kina kinachosomwa kwenye skrini hakilingani na kina halisi, kwa kuwa fokasi husogea kidogo kuliko meza ya sampuli inavyosogea.

Nililipia somo hili kwa wiki nzima. Nilikuwa na vipande vya figo ya panya vyenye unene wa mikromita 80, vilivyopakwa rangi vizuri, na kila nilipovuka mikromita 25 mirija ilikuwa ikipotea. Niliongeza nguvu ya leza, nikaongeza ukuzaji wa ishara, nikailaumu kingamwili, nikaanza kupaka rangi upya. Siku ya nne mwenzangu mmoja alichukua slaidi ile ile, akaiweka chini ya lenzi ya maji yenye aperecha ya 1.2, na mirija ikaonekana hadi chini kwa nguvu iliyokuwa nusu ya niliyotumia. Namba ya aperecha ilikuwa ndogo, lakini mwanga ulikuwa unafika.

Kanuni inayofuata hapo ni nyepesi kuikumbuka: chagua lenzi kwa kuangalia kimiminika kinachozunguka tishu. Tishu hai iliyo ndani ya maji itazamwe kwa lenzi ya maji. Tishu iliyo katika gliseroli ya asilimia 80, ambayo kipimo chake ni takriban 1.44, itazamwe kwa lenzi ya gliseroli, au kwa lenzi yenye pete ya marekebisho inayokubali vimiminika mbalimbali. Lenzi ya mafuta iachiwe vipande vyembamba na sampuli zilizopandikizwa katika kimiminika kinachokaribia kipimo cha kioo.

Unene wa kioo cha kufunikia nao una uzito wake. Lenzi nyingi zimesanifiwa kwa unene wa milimita 0.17, na vioo vinavyouzwa kwa namba 1.5 ndivyo vinavyokaribia hapo. Kile cha namba 1, ambacho mara nyingi ni rahisi zaidi kukipata, ni chembamba mno. Kama lenzi ina pete ya marekebisho, isiachwe mahali ilipoachwa na mtumiaji wa jana. Shuka hadi kina unachokitaka, tafuta kitu kidogo kinachong'aa, punguza leza kadiri uwezavyo, kisha zungusha pete polepole huku ukirekebisha fokasi kila hatua, hadi kitu hicho kionekane kidogo na chenye mwanga mkali kuliko mahali pengine popote. Kwa uhakika zaidi, tengeneza slaidi ya shanga za floresensi zenye kipenyo cha mikromita 0.2, upige picha ya wima ya shanga moja, na uangalie umbo lake. Umbo linalofanana juu na chini huonyesha kwamba njia ya mwanga iko sawa, na mkia unaotokea upande mmoja huonyesha kwamba kasoro ya tufe bado ipo.

Chagua rangi zinazopenya

Mwanga wenye urefu mkubwa wa wimbi hutawanyika kidogo kuliko ule mfupi, na himoglobini, ambayo hufyonza kwa nguvu karibu na nanomita 415 na tena kati ya 540 na 580, huuachia mwanga mwekundu upite. Kwa hiyo shabaha iliyo ndani kabisa ya tishu ipewe rangi inayosisimuliwa na leza ya nanomita 640, na rangi ya kijani inayosisimuliwa kwa 488 iachiwe vitu vilivyo karibu na uso. Watu wengi hufanya kinyume kwa mazoea, wakaiweka shabaha muhimu kwenye kijani kwa sababu macho yao yamezoea kijani. Kuna faida ya pili pia: kolajeni, elastini na lipofusini hutoa mng'ao wao wa asili hasa katika buluu na kijani, na vihifadhi vya jamii ya aldehidi huongeza mng'ao huo, hivyo rangi nyekundu hukaa mahali penye usuli mweusi zaidi. Damu iliyobaki katika mishipa iondolewe kwa kupitisha maji ya chumvi kabla ya kihifadhi. Hatua hiyo moja huokoa mwanga mwingi kuliko marekebisho mengi ya mashine.

Ifanye tishu iwe angavu

Tishu huwa nyeupe kama maziwa kwa sababu ndani yake mna mchanganyiko wa maji, mafuta na protini, kila kimoja na kipimo chake cha upindaji, na kila mpaka kati yao hutawanya mwanga. Ukiondoa maji na mafuta, kisha ukajaza kimiminika chenye kipimo kinachokaribia cha protini, mipaka hiyo hutoweka na tishu hupitisha mwanga karibu kama kioo. Mwanaanatomia wa Ujerumani, Werner Spalteholz, aliligundua jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, akatumia mafuta ya kunukia kuangavisha viungo vizima, lakini mbinu yake ilingoja miongo mingi kabla hadubini za leza hazijaipa kazi kubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza mbinu ya CLARITY, ambayo hufunga protini katika jeli na kuyaosha mafuta kwa sabuni kali.

Anayeanza asikimbilie mbinu nzito. Kwa kipande cha mikromita 100 hadi 200, gliseroli inatosha kuleta tofauti ya kuonekana: iingize tishu hatua kwa hatua katika asilimia 30, 50, kisha 80, ukiiacha kila hatua hadi izame chini ya chombo. Kwa viungo vizima, sinamati ya ethili yenye kipimo cha 1.56 hufanya kazi vizuri, na sumu yake ni ndogo kuliko ya viyeyusho vya zamani, ila tishu lazima ikaushwe maji kabisa kwa alkoholi kwanza. Ukaushaji huo huweza kuua mng'ao wa protini ya kijani ya GFP, ambayo pia hufifia katika asidi, kwa hiyo vimiminika vyake viwekwe katika pH ya 7.4 hadi 8. Na kabla ya kuzamisha lenzi yoyote katika kiyeyusho, soma maelezo ya mtengenezaji wake, kwa kuwa gundi inayoshika vioo vya lenzi huweza kuyeyuka.

Usawa wa mwanga katika uwanja wa picha

Picha yenye katikati angavu na pembe za giza hudanganya hesabu yoyote ya mwanga utakayoifanya baadaye. Weka chini ya lenzi slaidi ya plastiki yenye floresensi, au tone la rangi nzito lililobanwa chini ya kioo, uchukue picha kadhaa mahali tofauti na kutafuta wastani wake. Kisha funga leza na uchukue picha ya giza. Ondoa picha ya giza katika picha ya sampuli na katika picha ya wastani, gawanya ya kwanza kwa ya pili, na zidisha jibu kwa thamani ya kati ya picha ya wastani. Hesabu hiyo husawazisha mwangaza, lakini pembe zilizopata mwanga kidogo hubaki na chembechembe nyingi za kelele. Ikiwa pembe zina chini ya nusu ya mwanga wa katikati, au kama doa angavu limehamia upande mmoja, ni bora kumwita fundi apange upya mwale kuliko kuitegemea programu.

Bapa la mwanga na michirizi yake

Kwa kiungo kizima kilichoangavishwa, au kiinitete cha samaki kilicho hai, mbinu ninayoipendekeza bila kusita ni hadubini ya bapa la mwanga. Leza hupita kutoka ubavuni ikiwa imebanwa kuwa bapa jembamba, na lenzi ya pili hutazama kutoka juu, hivyo tabaka linalopigwa picha ndilo pekee linalomulikwa. Wazo lenyewe ni la zamani: wanasayansi Siedentopf na Zsigmondy walitumia umulikaji wa ubavuni mwaka 1903 kuona chembe za dhahabu ndani ya kioo, lakini mbinu hiyo ilipata nguvu mpya katika biolojia mwaka 2004, mtafiti Jan Huisken na wenzake walipoonyesha huko Heidelberg, Ujerumani, jinsi ya kufuatilia viinitete kwa muda mrefu bila kuviunguza.

Hapa msanifu hukabiliana na mvutano usioepukika. Bapa likiwa jembamba, hubaki jembamba kwa umbali mfupi tu kabla ya kutanuka. Kwa leza ya nanomita 488 ndani ya maji, bapa lenye unene wa mikromita 4 kiunoni hudumu takriban mikromita 70, ilhali lile la mikromita 10 hudumu takriban 430. Kwa hiyo pima kwanza upana wa kitu unachokitazama, kisha lifanye bapa liwe jembamba kadiri upana huo unavyoruhusu, si zaidi. Ukihitaji vyote viwili, sogeza kiuno cha bapa hatua kwa hatua kuvuka sampuli, uchukue picha kwa kila hatua, na uunganishe sehemu zile tu zilizo kali.

Tatizo linalowasumbua watumiaji wengi zaidi ni michirizi myeusi inayoanzia kwenye kitu kisichopitisha mwanga, kama jicho lenye melanini, mfupa au povu la hewa, na kuendelea hadi upande wa pili kama kivuli cha nguzo. Dawa ya kwanza ni kumulika kutoka pande mbili na kuunganisha nusu iliyo bora ya kila picha. Dawa ya pili, ambayo Huisken na Didier Stainier waliieleza mwaka 2007, ni kulitikisa bapa kwa kioo kinachoyumba haraka huku na huku, ili katika muda wa picha moja mwanga uje kutoka pembe nyingi zinazotofautiana kwa nyuzi chache. Kila pembe hutupa kivuli chake mahali pengine kidogo, na vivuli hufutana. Kama mashine yako ina uwezo huo, uwashe daima, na hakikisha muda wa picha unatosha mitikisiko kadhaa kamili, la sivyo michirizi itarudi kwa sura nyingine. Mwale wa Bessel, yaani mwale mwembamba uliozungukwa na pete za mwanga na unaojiunga upya nyuma ya kizuizi, husaidia pia, lakini pete zake za pembeni humulika nje ya tabaka na kupunguza utofauti, hivyo siuchagui kwa sampuli yenye usuli mwingi. Kabla ya yote hayo, ondoa povu katika jeli ya agarosi, na kwa viinitete vya samaki zuia melanini mapema.

Pale fotoni mbili zinapohitajika

Tishu nene isiyoweza kuangavishwa, kama ubongo wa mnyama aliye hai, huhitaji mbinu ya fotoni mbili, ambapo molekuli ya rangi hufyonza fotoni (chembe za mwanga) mbili kwa pamoja, iliyotangazwa na watafiti Denk, Strickler na Webb mwaka 1990. Leza ya mipigo mifupi katika infraredi husisimua rangi pale tu mwanga unapobanwa zaidi, kwa sababu ishara hufuata mraba wa nguvu. Mraba huo huo huadhibu kila upotevu: nguvu inayofika fokasi ikipungua kwa nusu, ishara hubaki robo. Mpigo ukitanuka kutoka femtosekunde 100 hadi 200 unapopita katika vioo vya hadubini, ishara hupungua kwa nusu kwa wastani ule ule wa nguvu, na kwa hiyo kifaa cha kufidia utanukaji wa mpigo kirekebishwe kwa kila urefu wa wimbi na kila lenzi, ukitazama mwangaza wa sampuli yenyewe. Kwa kina kikubwa, usiujaze kabisa mlango wa nyuma wa lenzi. Miale ya pembeni husafiri njia ndefu zaidi ndani ya tishu na mingi haifiki, hivyo mwale mwembamba kidogo hupeleka nguvu zaidi kwenye fokasi, kwa gharama ndogo ya ukali.

Baada ya kazi hiyo yote, ndipo kitelezi cha nguvu kinapopata wakati wake. Chagua tabaka la juu na uweke nguvu ndogo inayotoa picha inayosomeka bila pikseli zilizojaa. Shuka hadi tabaka la chini, uweke nguvu inayolipa mwangaza unaokaribia ule wa juu, kisha iruhusu programu ipandishe nguvu kati ya vina hivyo viwili kwa mkunjo wa kipeo badala ya mstari ulionyooka, kwa kuwa mwanga hupungua kwa uwiano ule ule katika kila hatua. Ikiwa katika gamba la ubongo nguvu hubaki takriban asilimia 37 baada ya kila mikromita 200, fokasi iliyo katika mikromita 400 itahitaji nguvu mara 7 ya ile ya juu. Andika namba hizo pamoja na picha, kwani mwangaza wa tabaka zilizopewa nguvu tofauti haulinganishwi bila kuzijua. Mlolongo ukikamilika, rudi kwenye tabaka la kwanza, lipige picha tena kwa nguvu ya mwanzo, na ulinganishe na picha yake ya kwanza. Ikiwa mwangaza umeshuka kwa zaidi ya asilimia chache, tishu imepauka wakati wa kazi, na mlolongo unaofuata uanzie chini kwenda juu kwa nguvu iliyopunguzwa.